Kwa nini mshindi wa Oscar ya mwaka 1957 hakuonekana?

Usiku wa Machi 27, 1957, Hollywood, aliitwa Robert Rich akachukue tuzo ya hadithi bora ya filamu, kwa kazi yake ya The Brave One. Akapanda jukwaani mtu mwingine, Jesse Lasky Mdogo wa chama cha waandishi, akaeleza kuwa Rich yuko hospitali, mkewe anajifungua. Waandishi wa habari wakaanza kumsaka huyo baba mpya. Wapi! Hata chama chenyewe hakikuwa na mwanachama wa jina hilo.

Jina lilikuwa la kuazima, la jamaa mmoja wa watayarishaji wa filamu. Hadithi ilikuwa ya Dalton Trumbo.

Trumbo alizaliwa Colorado mwaka 1905. Kabla ya kuingia kwenye sinema alifanya kazi miaka kadhaa zamu ya usiku katika kiwanda cha mikate Los Angeles, huku akiandika. Kufikia miaka ya 1940 alikuwa kati ya waandishi wa filamu waliolipwa vizuri kuliko wote Hollywood. Alikuwa pia mkomunisti, na mwaka 1947 kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti ikamwita aeleze habari hizo. Alikataa kujibu. Yeye na wenzake tisa wakashtakiwa kwa kulidharau Bunge, na mwaka 1950 akafungwa Kentucky. Studio nazo zikatangaza kuwa hazitawapa kazi watu hao.

Hapo ndipo penye utamu wa kisa hiki. Mwigizaji akipigwa marufuku amekwisha, maana uso haufichiki. Mswada wa filamu ni karatasi tu. Ukibadilisha jina la juu, nani atajua? Watayarishaji walilijua hilo vizuri sana, wakapata kalamu ya daraja la kwanza kwa bei ya kutupa. Trumbo akahamia Mexico kwa muda, akaandika kwa wingi kufidia bei, mara nyingi usiku, ndani ya beseni la kuogea.



The Brave One haikuwa hata ya kwanza. Hadithi ya Roman Holiday, ya 1953, ilipita kwa jina la rafiki yake Ian McLellan Hunter, nayo ikapata Oscar. Hunter mwenyewe baadaye akaingizwa kwenye orodha hiyohiyo ya waliokatazwa!

Mwaka 1960 mwongozaji Otto Preminger alitangaza hadharani kuwa Trumbo ndiye mwandishi wa Exodus, na mwaka huohuo jina lake likaonekana pia kwenye Spartacus, filamu ya mwigizaji Kirk Douglas. Marufuku ikaanza kubomoka.

Sanamu ya Oscar ya The Brave One alikabidhiwa Trumbo mwaka 1975, ikiwa imebaki kama mwaka mmoja afariki. Ile ya Roman Holiday ilipokewa na mjane wake, Cleo, mwaka 1993. Na chama cha waandishi kilirudisha jina lake kwenye filamu hiyo mwaka 2011, miaka 58 tangu ioneshwe.