Filamu za zamani kwenye DVD: ile mistari myeusi haijakula picha yako

Kazi yangu ni kuhamisha filamu za zamani kutoka kwenye ukanda kwenda dijitali, na lalamiko ninalolisikia kuliko yote ni hili, mbona picha haijajaa kwenye TV, mbona mmeikata juu na chini. Naelewa linatoka wapi, mtu kanunua TV kubwa halafu anakuta mistari myeusi, lazima aone kama kapunjwa. Ila mara nyingi mambo yako kinyume kabisa, ile kopi iliyokuwa inajaza TV yote ndiyo iliyokatwa.

Tuanzie kwenye maumbo yenyewe. Tangu 1932 studio za Marekani zilikuwa na fremu moja inayoeleweka, 1.37:1, yaani upana unauzidi urefu kidogo tu, na TV zilipokuja zikachukua umbo karibu lilelile, 4:3. Kwa hiyo filamu ya miaka ya 30 na 40 ilikaa kwenye TV ya zamani bila shida yoyote. Tatizo lilianza pale TV ilipowavuta watu wabaki nyumbani, sinema zikapungukiwa watazamaji, studio zikatafuta kitu ambacho TV haiwezi kukitoa. 20th Century-Fox wakaja na CinemaScope mwaka 1953 kupitia filamu ya The Robe: lenzi ya kamera inaibana picha kwa ubavu mara mbili ili ienee kwenye ukanda uleule wa kawaida, kisha lenzi ya projekta inaitanua tena ukutani. Upana ukafika 2.55:1, baadaye ukatulia kwenye 2.35:1. Wengine wakapita njia rahisi, wanapiga fremu ya kawaida halafu kwenye projekta wanaziba juu na chini ibaki 1.85:1, na Ulaya ilikuwa sana 1.66:1.

Sasa chukua filamu ya 2.35 uibandike kwenye TV ya 4:3 ijae yote. Piga hesabu mwenyewe, unatupa karibu asilimia 43 ya picha! Ben-Hur ya 1959 ilikuwa 2.76:1, hapo unatupa zaidi ya nusu. Na haikatwi tu katikati ukaachwa hivyo, kuna fundi alikuwa anakaa shoti kwa shoti anachagua kipande gani kibaki, ndiyo hiyo pani na skani. Watu wawili wamesimama huku na huku wanagombana, katikati kuna meza tupu na ule umbali ndio ugomvi wenyewe, fundi afanye nini? Akibaki katikati unaona meza na pua mbili. Akichagua mmoja, mwenzake anageuka sauti tu. Au anaikata shoti moja kuwa mbili, huyu halafu yule, au anaisogeza fremu kutoka kushoto kwenda kulia kana kwamba kamera imegeuka, wakati siku ya kupiga kamera haikugeuka hata kidogo. Hilo ndilo linaniuma kuliko hata picha iliyopotea, maana unaongezewa mikato na mizunguko ambayo dairekta hakuifanya, halafu unamhukumu kwa mikato hiyo.

Lakini usije ukatoka hapa ukisema waidskrini, yaani ile kopi pana yenye mistari myeusi juu na chini, daima ndiyo sahihi. Zile za 1.85 zilizozibwa kwenye projekta, kopi nyingi za kanda za video waliondoa tu ule mzibo, kwa hiyo ful fremu yake, yaani kopi inayojaza TV ya 4:3, inaonyesha ZAIDI juu na chini, na hapo ndipo watu wananiletea ushahidi, si unaona hii imekamilika? Jamani, kuona zaidi siyo kuona kilichokusudiwa. Pee-wee's Big Adventure ya 1985 ina utani ambapo jamaa anafunga baiskeli yake kwa mnyororo, anauvuta kutoka kwenye kiboksi kidogo cha baiskeli, unatoka tu hauishi. Kwenye kopi iliyoondolewa mzibo unauona mnyororo ukipanda kutokea chini na kuingia kwenye kiboksi, utani umekufa palepale. Maiki zinazoning'inia juu ya vichwa vya waigizaji nazo ni hivyohivyo, kameramani alijua zitazibwa. Ingawa wapo waliojipanga kwa TV mapema, dairekta Stanley Kubrick alitaka filamu zake za baadaye kama The Shining zitoke ful fremu kwenye video, kwa hiyo kila filamu ina kesi yake.

Na siku hizi TV zimepanuka, ukataji umegeukia upande wa pili. Siyo mpya sana, Gone with the Wind ya 1939 ilirudishwa sinema mwaka 1967 kwa ukanda mpana wa mm 70 ikakatwa juu na chini ili ionekane pana. Mwaka 2019 huduma ya mtandaoni ya Disney+ iliweka vipindi vya zamani vya katuni za The Simpsons vikiwa vimekatwa kujaza TV za sasa, vichekesho vilivyochorwa ukingoni vikapotea, mpaka 2020 wakarudisha chaguo la 4:3. Hapo mistari myeusi ya pembeni ndiyo rafiki yako, usiguse kitufe cha kuvuta picha.

Ukitaka kujua kopi uliyonayo, anza na mwaka. Kabla ya 1953, karibu kila mara 4:3 ndiyo yake, ukiikuta imejaa TV pana shtuka. Baada ya hapo tafuta uwiano nyuma ya kava, 1.66, 1.85 au 2.35. Kama hakuna, angalia majina ya waigizaji na watengenezaji yanayopita mwanzoni mwa filamu. Majina yaliandikwa kwa upana wote wa fremu, yakikatwa hayasomeki, kwa hiyo kanda nyingi waliacha mistari myeusi kwenye majina tu au wakayabana kwa ubavu watu wakawa warefu wembamba, halafu jina la dairekta likishapita picha inaruka ghafla inajaa. Ukiuona huo mruko, tafuta kopi nyingine.