Sikukuu imekukuta Kigoma: branchi utakula wapi? Kwanza angalia mwezi

Sikukuu ikikaribia tu simu yangu inajaa meseji za wageni, wengi wa Dar na Mwanza, wanakuja Kigoma kusalimia ukweni au kuona ziwa, na swali lao ni moja: "Chef, asubuhi ya sikukuu tukale wapi kitu cha maana?" Wanataka ile branchi, chai na chakula cha mchana kwa pamoja, ya kuanzia saa nne mpaka saa nane mchana, watu wameamka taratibu, wa kanisani wamerudi, familia nzima inakaa mezani hakuna anayemkimbiza mwenzake. Mimi kazi yangu ni jikoni, hotelini hapa hapa mjini, kwa hiyo nawaeleza tunavyoangalia sisi wapishi.

Usianze na jina la hoteli. Anza na mwezi, huu wa angani.

Iko hivi. Dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa. Boti zinatoka jioni, zikifika kwenye maji marefu wanawasha taa, dagaa wanaufuata mwanga, migebuka nao wanawafuata dagaa maana ndio chakula chao, afu wavu unapandishwa. Sasa taa inavuta vizuri pale giza likiwa nene. Mbalamwezi ikitapakaa ziwa zima samaki hawana sababu ya kujazana kwenye taa yako, ndio maana mwezi ukipevuka boti nyingi zinapumzika siku kadhaa na wavuvi wanakaa kushona nyavu. Siku hizo ukiona menyu imeandikwa dagaa fresh, uliza mara mbili, wengi watakuwa wamelala kwenye friji.

Ukishajua hilo sikukuu zinajipanga zenyewe. Idi el-Fitri inakuja na mwezi mwandamo, usiku bado ni giza, yaani kwa mtu anayependa dagaa hakuna sikukuu nzuri Kigoma kama hii. Idi el-Hajj ni tarehe 10 ya Mfunguo Tatu kwenye kalenda ya Kiislamu, mwezi umeshakuwa mkubwa na unachelewa kuzama, wavuvi wanabakiwa na giza kidogo tu la alfajiri. Pasaka ndio inataka hesabu, kwa sababu yenyewe inahesabiwa kwa mwezi mpevu, ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi, kwa hiyo kila mwaka inadondokea ndani ya wiki ile ile mwezi umetoka kupevuka. Mwaka 2025 mwezi ulipevuka 13 Aprili na Pasaka ikawa tarehe 20, wiki nzima imepita, mwezi unachomoza usiku wa manane na wavuvi wana masaa ya kutosha ya giza kabla haujatoka. Mwaka 2026 mwezi mpevu ni 2 Aprili na Pasaka ni tarehe 5, hapo ni kubanana, masaa ya giza ni machache. Krismasi haina mpango na mwezi, inabidi uangalie kalenda, na ya 2026 mwezi unapevuka 24 Desemba kabisa, mkesha wenyewe.

Kuna kitu kingine cha kuangalia, ziwa kufungwa. Mwaka 2024 uvuvi upande wetu ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na Idi el-Hajj, Sabasaba na Nanenane zote ziliangukia humo humo. Sikukuu ikikukuta kwenye kipindi kama hicho usimng'ang'anize mpishi na samaki, agiza supu ya mbuzi na chapati, mtori, au kuku wa kienyeji na ndizi, utakula vizuri tu. Mbalamwezi ya kawaida bila ziwa kufungwa ina dawa yake: ulizia kuhe, samaki mwingine wa ziwa hili. Kuhe hategemei taa, anapatikana kwa ndoano na nyavu, na supu yake ya ndimu na pilipili saa nne asubuhi, jamani, mimi sijaona cha kuishinda.

Baada ya mwezi angalia nani yuko jikoni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mfanyakazi akifanya kazi siku ya sikukuu ya umma alipwe mshahara wake wa msingi mara mbili. Ni haki yake na naiunga mkono mia kwa mia, ila matokeo yake sehemu ndogo zinapunguza watu au zinafunga kabisa, mnabaki na mpishi mmoja anapika, anapakua, anapokea hela. Kwa hiyo Krismasi mimi nawaelekeza watu Ujiji, kule Waislamu ni wengi na mama zetu wa vitumbua na chapati wanaamka kama kawaida. Idi geuza, asubuhi Ujiji wako kwenye sala na majumbani kwao, tafuta upande wa mjini au eneo la Mwanga.

Bufee sasa. Hoteli kubwa zinapenda bufee siku za sikukuu na naelewa sababu, watu wanakuja kwa mkupuo. Pilau, maharage, mtori na supu vinavumilia bufee bila shida. Dagaa wa kukaanga havumilii hata nusu saa, ukimfunika kwenye chombo cha bufee kinachopashwa moto mvuke unamrudia analegea, na mgebuka wa kuchoma anakauka. Ushauri wangu, vya mchuzi chukua kwenye bufee, samaki agiza akaangwe ukiwa umekaa. Angalia pia moto chini ya vyombo kama unawaka, chakula cha moto kinatakiwa kikae juu ya nyuzi joto 60 za Selsiasi, kikiwa vuguvugu kiache.

Dagaa akija mezani mtazame kabla hujamtia mdomoni. Wa leo tumbo limeshikana, mgongo umenyooka, kichwa kipo. Aliyechelewa kufika jikoni tumbo limepasuka, maana kwa dagaa linaanza kuharibika tumbo, na hata mawese yawe mazuri vipi ule uchungu hauondoki.

Piga simu siku moja kabla, saa tisa au saa kumi jioni jikoni kukiwa kumetulia, usipige saa saba watu wanapakua. Mimi napiga hivi: "Shikamoo mama, kesho mnapika? Samaki mnachukua Kibirizi asubuhi au mnao wa leo?" Akikujibu "Marahaba mwanangu, kijana wangu anashuka mwaloni alfajiri," yaani anaenda pale boti zinaposhusha samaki, hapo weka oda. Akisema "we njoo tu, vyote vipo," mimi huwa naendelea kutafuta kwingine.

Mkiwa kundi kubwa tangulizeni hela ya samaki jioni ile ile kwa simu na mtaje idadi ya watu, watoto mkiwahesabu peke yao, kwa sababu mnunuzi akifika mwaloni ananunua kwa hesabu aliyopewa, na kufika saa tano bei imeshapanda na wazuri wameshaondoka.