Duara Shambani: Kaburi la Kale au Alama ya Juzi?

Ukame unapoikumba Uingereza katika majira ya joto, picha za droni na setilaiti husambaa mitandaoni, na swali huwa lilelile: duara hili la kijani katikati ya shayiri iliyokauka, ni kaburi la watu wa kale? Jibu fupi ni huenda. Jibu refu linahitaji upana wa duara, umbo lake na majirani zake.

Kati ya takriban mwaka 2200 na 1500 KK, wakazi wa kusini mwa Uingereza walizika baadhi ya wafu wao chini ya matuta ya mviringo. Walichimba mtaro kulizunguka kaburi na kurundika udongo na chaki katikati. Karne nyingi za kulima zimeyasawazisha matuta mengi, usione hata mwinuko. Mtaro ni habari nyingine. Umekatwa ndani ya mwamba wa chaki au changarawe, chini ya kina cha plau, na taratibu ukajaa udongo laini unaotunza maji. Shayiri iliyoota juu yake huteremsha mizizi mbali zaidi. Mvua ikikatika mwezi Mei na Juni, mimea ya pembeni hugeuka manjano mapema, ya juu ya mtaro hubaki kijani na hurefuka kuliko wenzake. Palipo na msingi wa mawe hutokea kinyume: mizizi inakosa pa kwenda, mimea inadumaa.

Ngano na shayiri ndizo zinazosema vizuri zaidi, kwa kuwa mashina yake husongamana. Nyasi husubiri ukame mkali. Udongo wa mfinyanzi, kwa sababu unashika maji kila mahali, huficha mengi. Shamba lisiloonyesha kitu lisihesabiwe kuwa tupu.

Jambo hili lilipata nguvu Desemba 1925, rubani Gilbert Insall alipopita kwa ndege karibu na Stonehenge, duara maarufu la mawe ya kale kusini mwa England, na kuona madoa meupe ndani ya duara shambani. Mahali hapo palidhaniwa kuwa tuta la kaburi lililolimwa. Aliporudi kiangazi kilichofuata, ngano ilionyesha safu za mashimo ya nguzo. Mwanaakiolojia Maud Cunnington alipochimba, ilibainika kuwa zilikuwa duara za nguzo za mbao, na leo panaitwa Woodhenge. Katikati, hata hivyo, palikuwa na kaburi la mtoto mdogo. Kwa hiyo hata dhana ya awali haikuwa ya kipuuzi.

Sasa tulisome duara lenyewe. Mitaro ya makaburi haya kwa kawaida ina kipenyo cha mita 10 hadi 40. Doa jeusi katikati laweza kuwa shimo la kaburi, lakini kulikosa si hoja: kaburi lililokuwa juu juu huenda limeshachukuliwa na plau. Binafsi naamini majirani kuliko doa. Duara tatu au nne zilizopangana kwenye mgongo wa kilima zina uzito ambao duara moja la upweke halina. Wala si lazima mitaro ya makaburi iwe ya duara. East Yorkshire kuna makaburi ya Zama za Chuma yaliyozungushiwa mitaro ya mraba, na mara nyingi yamesongamana.

Wadanganyifu ni wengi. Mfereji mwembamba wa mviringo wenye mlango upande wa mashariki mara nyingi ni wa nyumba ya msonge. Msalaba ndani ya duara ni dalili ya kinu cha upepo cha Zama za Kati. Mizinga na taa za kusaka ndege za Vita vya Pili vya Dunia ziliacha duara pia, na uyoga huchora zake kwenye nyasi. Ukubwa nao una maana: alama iliyoonekana kwa droni karibu na Newgrange, kaburi kubwa la kale huko Ireland, Julai 2018, ina upana wa takriban mita 150. Hiyo inasomwa kama uwanja wa mikusanyiko na ibada, si kaburi la mtu mmoja.

Ndiyo maana kwenye kumbukumbu za urithi tunaandika "mtaro wa mviringo", kisha "huenda ni tuta la kaburi". Picha za miaka tofauti hulinganishwa, alama huchorwa kwenye ramani, na kipimo cha usumaku wa ardhi huweza kuonyesha mashimo ambayo mimea haikuyaonyesha. Tarehe ya kuaminika hutoka kwenye uchimbaji.

Ukiishi England na ukaona duara kama hilo, tunza picha, tarehe yake na mahali pake kwenye ramani, uzipeleke kwenye ofisi ya kumbukumbu za urithi wa eneo lako. Usiingie shambani bila idhini ya mwenye ardhi, na koleo uliache nyumbani. Kupitisha kigundua metali kwenye eneo linalolindwa kisheria bila kibali ni kosa la jinai.