Wachezaji Wakigoma, Wanadai Nini Hasa?

Mgogoro wa wachezaji na wenye klabu ukiibuka, hukumu hutoka kabla madai hayajasomwa: wachezaji wana tamaa. Mtu anayelipwa kwa wiki moja fedha ambazo wengine hawazioni kwa miaka, anagomea nini? Swali ni la haki. Ila wenye madai, mara nyingi, si hao matajiri.

"Wanataka nyongeza ya mshahara"

Agosti 2011 raundi ya kwanza ya ligi ya Hispania haikuchezwa. Chama cha wachezaji, AFE, hakikuomba nyongeza. Kilidai mishahara ambayo jasho lake lilikuwa limeshamwagika: wachezaji wapatao 200 walikuwa wanadai takriban euro milioni 50. Klabu zilizoelemewa na madeni zilikuwa zikijificha nyuma ya sheria ya ufilisi, wadai wakazuiwa, nazo zikaendelea kushuka uwanjani kama kawaida. Iker Casillas, nahodha wa Real Madrid, na Carles Puyol, nahodha wa Barcelona, walijitokeza kuunga mkono mgomo, ingawa wao hawakuwa wanadai mtu. Mashabiki walipowaona wakasema, tazama mamilionea wanavyolia. Kumbe nyota hutangulizwa kwa sababu ana jina na mwajiri hathubutu kumtisha. Mwenye njaa yuko nyuma yake, katika klabu ambayo wengi hawajui hata rangi ya jezi yake.

Na wenye njaa ni wengi. FIFPRO, shirikisho la vyama vya wachezaji duniani, lilihoji wachezaji karibu 14,000 na kutoa ripoti mwaka 2016. Asilimia 41 walikuwa wamecheleweshewa malipo katika misimu miwili iliyotangulia, na asilimia 45 walilipwa chini ya dola 1,000 kwa mwezi.

Wiki moja baada ya Hispania, Italia nayo ilikwama. Huko ugomvi mmojawapo ulihusu mazoezi. Klabu zilitaka ruhusa ya kuwatenga wachezaji wasiokuwa kwenye mipango ya kocha, wafanye mazoezi mbali na kikosi cha kwanza. Kwa asiyejua soka hilo ni dogo. Mchezaji analielewa vizuri: ukitengwa huonekani, usipoonekana thamani yako inashuka, na mwisho unakubali kuuzwa popote au kukatwa mshahara. Kulikuwa pia na mvutano wa nani abebe kodi mpya ya wenye vipato vikubwa, na kwenye hilo, kusema kweli, sioni sababu ya kuwahurumia wachezaji sana.

"Mkataba ukiisha, mchezaji ni huru, ndivyo ilivyokuwa siku zote"

Haikuwa hivyo hata kidogo. Uingereza, hadi Januari 1961, mchezaji hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa wiki, hata kama uwanja ulifurika kwa ajili yake. Kikomo hicho kiliondolewa baada ya wachezaji, wakiongozwa na Jimmy Hill, kutishia kugoma. Mgomo wenyewe haukufanyika, tishio lilitosha. Lakini klabu bado iliweza kumng'ang'ania mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha. George Eastham aligoma kusaini upya Newcastle mwaka 1960, akakaa miezi kadhaa bila kucheza hadi alipouzwa Arsenal, na kesi akaiendeleza. Mwaka 1963 Mahakama Kuu ikasema utaratibu huo ulikuwa unamzuia mtu kufanya kazi yake isivyo halali.

Jean-Marc Bosman alikuja kupambana na jambo lilelile Ubelgiji. Mkataba wake na RFC Liège uliisha mwaka 1990, klabu ikampa mwingine wenye mshahara pungufu mno, kisha ikadai ada ya uhamisho alipotaka kuhamia Dunkerque ya Ufaransa. Hukumu ya Mahakama ya Ulaya ilitoka tarehe 15 Desemba 1995. Wengi huitaja kana kwamba ilimruhusu mchezaji kuondoka wakati wowote. Sivyo: ilihusu aliyemaliza mkataba. Bosman mwenyewe hakutajirika nayo. Waliofaidi ni waliomfuata.

"Asipolipwa, avumilie tu" au "asipolipwa, afungashe aondoke"

Zote mbili ni makosa, na ya pili ni hatari zaidi. Tangu Juni 2018, kanuni za FIFA zinampa mchezaji ambaye hajalipwa mishahara ya miezi miwili haki ya kuvunja mkataba. Lakini kwanza aiandikie klabu kwamba inadaiwa, na aipe angalau siku 15 ilipe. Anayetoweka kambini bila barua anaipa klabu nafasi ya kugeuza kibao na kumshtaki yeye kuwa ndiye aliyevunja mkataba. Fidia yake si ya mchezo: Lassana Diarra, mchezaji wa Ufaransa, baada ya kukosana na klabu yake ya Urusi, Lokomotiv Moscow, mwaka 2014 katika ugomvi uliogusa mshahara wake, aliamriwa kulipa euro milioni 10.5. Ilibidi apigane hadi Oktoba 2024 ndipo Mahakama ya Ulaya ikasema baadhi ya kanuni zilizotumika zinapingana na sheria za Umoja wa Ulaya.

"Wakigoma, wenye klabu hawapotezi kitu"

Wenye klabu wa Argentina walidhani hivyo mwaka 1948. Wachezaji walipogoma, klabu ziliwaingiza vijana wakamalizia msimu. Mwaka uliofuata, ligi ya Kolombia, iliyokuwa nje ya FIFA na kwa hiyo haikulazimika kumlipa mtu ada ya uhamisho, ikafungua mlango. Nyota wa Argentina Adolfo Pedernera akaenda Millonarios, klabu ya Kolombia, na mwenzake Alfredo Di Stéfano akamfuata huko akitokea River Plate ya Argentina. River haikupata ada yoyote. Di Stéfano alipotakiwa Hispania mwaka 1953, Barcelona ilizungumza na River, Real Madrid ikazungumza na Millonarios, na kila upande ukashikilia kwamba umenunua kwa mwenye mali halali.