Uga wa utafutaji: neno lako litafutwe wapi?

Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Hospitali ya Mulago jijini Kampala, alichapisha katika jarida la upasuaji la Uingereza makala kuhusu uvimbe aliokuwa akiuona kwenye mataya ya watoto. Leo dunia nzima inauita limfoma ya Burkitt. Sasa fungua PubMed, kanzidata ya mtandaoni ya makala za tiba, andika Burkitt lymphoma, uiagize itafute ndani ya vichwa vya makala peke yake. Zitakuja makala chungu nzima, lakini ile iliyoanzisha yote haitakuwamo.

Kanzidata haijakosea. Kichwa alichokiandika Burkitt kilizungumzia sakoma ya mataya kwa watoto wa Afrika. Neno limfoma halimo. Jina lake halimo pia, kwa sababu wakati huo ugonjwa ulikuwa haujapewa jina hilo. Miaka 6 baadaye, watafiti Epstein, Achong na Barr walipoeleza katika jarida la Lancet kwamba wameona virusi kwenye chembe za uvimbe huo, jina la Burkitt lilikwisha ingia kwenye kichwa cha makala yao. Mtafutaji anayetegemea vichwa tu anaipata ya 1964 na kuikosa ya 1958.

Ndiyo maana inafaa kuelewa uga ni nini. Makala inapoingia kwenye kanzidata ya tiba hutengenezewa rekodi, mfano wa ile kadi ya zamani ya maktaba: kichwa mahali pake, waandishi mahali pao, kisha ikisiri (muhtasari wa makala), jina la jarida, mwaka, lugha, anwani za taasisi za waandishi na istilahi za mada. Kila mahali hapo panaitwa uga. Vikiwa vingi, nyuga. Kuchagua uga ni kuiambia mashine itafute neno lako mahali fulani katika rekodi na si kwingine. Na hili wengi hawalijui: PubMed hupekua rekodi, haipekui makala nzima. Jambo lililotajwa ukurasa wa tano tu, bila kuonekana kwenye ikisiri wala nyuga nyingine, hulipati humo.

Tubaki na neno Burkitt. Ukilifuatisha na alama [au], herufi mbili za kwanza za neno author zikiwa ndani ya mabano ya mraba, unaulizia mwandishi. Makala ya 1958 inatokea, lakini zinatokea pia makala zake za baadaye kuhusu nyuzinyuzi katika chakula na maradhi ya utumbo, kazi iliyompa umaarufu wa pili, pamoja na maandishi ya watu wengine wenye jina hilo la ukoo. Ukiweka ti, unaulizia kichwa. Ukiweka tiab, unaulizia kichwa na ikisiri, na maneno muhimu ambayo waandishi wenyewe wameyatoa. Ukiweka mh, unaulizia istilahi sanifu za MeSH. Neno ni moja, lakini maswali ni manne.

MeSH ni orodha ya istilahi inayotunzwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani tangu 1960. Mmoja akiandika heart attack na mwenzake myocardial infarction, makala zote mbili hupewa istilahi moja, kwa hiyo hulazimiki kukisia kila mtu aliuitaje ugonjwa. Istilahi zimepangwa kama mti: ukitafuta Lymphoma, matawi yake, pamoja na Burkitt Lymphoma, yanaingia yenyewe. Zamani kazi ya kubandika istilahi ilifanywa na wataalamu waliosoma makala moja moja. Tangu 2022 programu ndiyo inayoibeba, wataalamu wakikagua. Mimi naipenda sana MeSH, lakini siitumii peke yake hata siku moja. PubMed ina rekodi zisizotoka Medline, ile sehemu yake kuu ambayo makala zake hubandikwa MeSH, na hizo hazina istilahi hizo kabisa.

Tiab nayo ina pengo lake. Rekodi za miaka ya 1950 hazina ikisiri, kwa hiyo kwa makala ya zamani uga huo unabaki kuwa kichwa na basi. Ndiyo sababu anayetafuta kwa bidii huunganisha: istilahi ya MeSH, kisha neno la kuunganisha OR (yaani “ama”), kisha maneno yale yale, pamoja na visawe vyake, kwenye kichwa na ikisiri. MeSH inakamata walioita jambo kwa jina jingine. Tiab inakamata rekodi zisizobandikwa istilahi.

Usipotaja uga wowote, PubMed hukusaidia kimyakimya. Andika heart attack bila alama yoyote, itaongeza yenyewe istilahi ya myocardial infarction. Ukishaweka tiab, msaada huo unakoma, na visawe ni juu yako. Wanafunzi wengi hushangaa kuona makala zimepungua ghafla baada ya kuweka alama, wakadhani wamekosea tahajia.

Majina ya mahali yanahitaji uangalifu zaidi. Tanzania kwenye uga wa anwani, ad, inakuletea watafiti wanaofanya kazi Tanzania, hata kama utafiti wenyewe ulifanyika India. Tanzania kwenye MeSH inakuletea makala zinazohusu Tanzania, hata kama waandishi wote wako London. Na anayetafuta Pemba kwenye ikisiri atapokea kisiwa chetu pamoja na mji wa Pemba wa kaskazini mwa Msumbiji; hapo hakuna uga utakaokuokoa, itabidi uongeze neno Zanzibar au Tanzania.

Ukihama mfumo, usibebe alama zako bila kuziangalia. Herufi tw kwenye PubMed hupekua kichwa, ikisiri na istilahi za MeSH pia. Kwenye Ovid, mfumo mwingine wa kutafutia ndani ya Medline, tw ni kichwa na ikisiri. Mkakati ule ule ukinakiliwa kutoka huku kwenda kule utaleta idadi tofauti, na mtu atapoteza siku nzima akitafuta kosa.

Daktari aliye zamu, anayetaka makala mbili tatu kabla ya kumwona mgonjwa, atafute kwenye vichwa. Atakosa nyingi, lakini atakazopata zitakuwa zinahusu jambo lake. Anayeandaa mapitio ya kimfumo, yaani anayekusanya na kupima tafiti zote za swali moja, hana ruhusa hiyo. Yeye akubali kusoma mamia ya ikisiri zisizofaa ili asiikose ile moja. Na mkakati wake auchapishe kama ulivyoendeshwa, alama za nyuga zikiwa mahali pake, kama PRISMA-S, mwongozo wa 2021 wa kuripoti utafutaji, unavyotaka, kwa sababu bila alama hizo mwingine hawezi kuurudia utafutaji huo.