Ekuteri ya mfupa haikingi sikio

"Ukivaa hii, sikio linapumzika, kila kitu kinapita mfupani." Ndivyo ekuteri za mfupa, yaani vipokea sauti vinavyopitisha sauti kwenye fuvu, zinavyosifiwa Lubumbashi, na sasa hata vijana wanaoendesha mulini za mahindi, mashine za kusaga, kule Katuba wanazivaa kazini wakiamini wamekinga masikio. Hawajakinga kitu.

Maana yenyewe ni fupi. Sauti ni mtikisiko. Kwa kawaida huja na hewa, huingia tundu la sikio, hutikisa kiwambo, kisha vifupa vitatu huufikisha kwenye koklea, yaani sikio la ndani, ambako seli zenye vinywele huugeuza kuwa ishara za neva. Ekuteri ya mfupa hukaa mbele ya sikio, hutikisa fuvu, na mtikisiko mwingi hufika koklea bila kupitia kiwambo. Basi.

Hapo kwenye "hufika koklea" ndipo wauzaji wanaporuka. Sikio la nje na la kati ndiyo yanayokwepwa. La ndani linafanya kazi ileile. Georg von Békésy, mzaliwa wa Budapest aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1961, alilionyesha hilo tangu 1932: sauti moja ilimfikia msikilizaji kwa hewa na kwa mfupa kwa pamoja, akazilinganisha nguvu na mawimbi mpaka zikafutana, mtu asisikie kitu. Njia ni mbili, zinakutana mlango mmoja. Ndiyo maana mwenye kiwambo kilichotoboka anaweza kusaidiwa na ekuteri hizi, lakini ambaye vinywele vyake vimekwisha kuuawa na kelele hasaidiki sana. Vinywele hivyo havioti tena.

Sasa rudi mulini. Tundu la sikio liko wazi, kwa hiyo ngurumo yote inaingia. Mwenye baiskeli anaupenda uwazi huo, maana anasikia honi nyuma yake. Wa mulini anapandisha muziki ili ushinde mashine, na koklea moja inabeba mizigo miwili. Kazini, desibeli 85 kwa saa 8 ndicho kiwango ambacho wengi hukitumia kuanza kudai kinga.

Mitambo ya mfupa iliyotengenezwa kwa ajili ya mahali penye kelele hutumiwa pamoja na vizibo vya masikio. Tundu linazibwa, maneno yanapita fuvuni. Na kuziba kunasaidia mara mbili: funga masikio kwa vidole useme "mmm", utasikia sauti yako inavyonenepa, kwa sababu mitikisiko mizito iliyoingia tunduni kutoka mfupani haipati pa kutokea. Kelele nayo hupita fuvuni, lakini ikiwa imepungua desibeli 40 hivi au zaidi.

Upande wa msemaji ndio ninaoupenda zaidi, na hausemwi kabisa. Maikrofoni ya mfupa huchukua sauti kwenye fuvu au taya la msemaji, haingoji hewa, basi mashine inayonguruma pembeni haiingii sana. Gharama yake ni kwamba sauti nyembamba kama s, f na sh hufifia. Kwenye redio ya namna hiyo "shika" na "fika" hukaribia kuwa neno moja, na mtu anayeshusha mzigo kwa kamba afadhali apewe amri nyingine.

Kwa hiyo, ndugu wa mulini, ekuteri yako usiitupe. Tia kizibo tunduni kwanza, ivae juu yake, halafu teremsha sauti.