Telegramu ya Hearst ambayo haijaonekana

Katika filamu ya Citizen Kane ya mwaka 1941, mwenye gazeti anamjibu mwandishi wake aliyeko Cuba kwamba vita atavileta yeye. Wengi huamini William Randolph Hearst, mmiliki wa magazeti wa Marekani, alimpelekea mchoraji Frederic Remington telegramu ya namna hiyo mwaka 1897. Ushahidi haupo. Telegramu yenyewe haijapatikana hadi leo. Aliyeisimulia ni mwandishi wa habari James Creelman, katika kitabu chake cha 1901, naye wakati telegramu inapodaiwa kupelekwa alikuwa Ulaya. Hearst aliikana. La kuniumiza zaidi ni kwamba hadithi hii inawafuta Wacuba wenyewe. Walikuwa wameshika silaha dhidi ya Hispania tangu 1895, na Remington alitumwa kwenda kuvichora vita hivyo hivyo.